Mji Unaouliza

Mwenye nyumba aliuliza hata kabla hajatoa funguo mfukoni.

"Na baba yake huyu mtoto yuko wapi?"

Walikuwa wamesimama barazani. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mbele yake alisimama fundi miwani, ambaye ndiye aliyekuwa akitafuta pa kuhamia, na binti yake mdogo, ambaye watu wote walimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo wake. Nyuma yao alikuwa bibi yake mtoto, ameukumbatia mkoba wake kama mtu aliye kwenye foleni ndefu.

Fundi alijua swali hilo lingekuja. Njia nzima ndani ya basi alikuwa akilitafutia jibu. Tumeachana. Yuko safarini. Hatujui habari zake. Kila jibu lilikuwa na mkia, na alijua kuna mtu angeuvuta. Sasa mwanamke huyu alikuwa amemkazia macho, funguo hazijatoka, na kinywa chake kikasema jambo ambalo hakulipanga.

"Amefariki."

Vidole vya Bibi vilijikaza kwenye mkoba. Huyo aliyefanywa marehemu alikuwa mwanawe wa kumzaa, tena wa pekee, na asubuhi ile ile alikuwa amempigia simu kumuuliza kama amekunywa dawa zake za presha.

"Pole sana, mdogo wangu," mwenye nyumba alisema, sauti ikiwa imeshuka. Akamgeukia Bibi. "Na wewe mama, pole. Alikuwa mwanao, au mkweo?"

"Mwanangu," Bibi alisema.

"Aliugua?"

"Aliugua," Fundi akadakia.

Funguo zikatoka mfukoni.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na jiko, sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, bomba linalotoa maji kweli. Mtu mwingine angetazama dari au rangi ya kuta. Fundi alitazama makomeo. Alilifunga la mlango wa mbele, akalisukuma kwa bega, akalifungua. Akaenda mlango wa nyuma akafanya vivyo hivyo. Akatoka uani akapima ukuta kwa macho, akarudi akasimama katikati ya chumba cha kulala.

"Mtu akipiga kelele humu ndani, nje wanasikia?"

Mwenye nyumba alicheka. "Hapa ukipiga chafya, ng'ambo ya barabara watakuuliza mafua umeyapata wapi."

Alidhani Fundi anamtania. Fundi hakucheka. Alikuwa hajui bado kama hiyo ni habari njema au mbaya.

Sababu ya kutojua ilikuwa hii. Kule mji mkubwa walikotoka, mume wake alikuwa amemfuata nyumba mbili. Ya kwanza alimpata kwa kuuliza kazini kwake. Alikuwa na ulimi wa asali, anajua kuinamisha kichwa, anajua kufuta machozi, na mtu yeyote aliyemwona akisema "namtafuta mwanangu" alitaka kumsaidia. Ya pili ilikuwa ghorofani, kwenye jengo lililojaa watu hadi ngazini. Alikuja mchana kweupe, akavunja mlango kwa nyundo. Kila pigo lilisikika jengo zima. Fundi alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na hakuna mlango uliofunguka. Kilichomwokoa ni kichwa cha nyundo, kilichochomoka kwenye mpini na kudondoka chini ya ngazi. Mwanamume akakifuata, na Fundi akapata nafasi ya kukimbia ili amvute mbali na mtoto aliyejificha. Baadaye jirani wa mlango wa pili alimwambia, bila hata haya, "Tulidhani ni mafundi."

Bibi ndiye aliyefika siku ile na kumkuta mjukuu wake ndani ya kabati. Hakulia, hakuuliza. Alikunja nguo za mtoto, akazitia kwenye begi, akasema, "Twendeni kwangu." Kwake nako hakukuwa mbali vya kutosha. Tangu hapo watatu hao walikuwa wakilala kwa huyu na kwa yule. Mwanawe alipopiga simu, Bibi alipokea, kwa makubaliano. "Nisipopokea atakuja kunitafuta," alisema. "Acha nimsikilize. Nitamwambia niko mzima, basi." Asichowahi kumwambia Fundi, na Fundi hakuwahi kumuuliza, ni kwamba alipokea pia kwa sababu alitaka kuisikia sauti yake.

Kisha ikaja habari ya mji huu. Daktari mmoja wa macho alikuwa na kliniki ndogo na mashine ya kusaga lenzi iliyofunikwa shuka tangu fundi wake wa zamani alipohama. Wagonjwa wake walisubiri miwani kutoka mbali wiki baada ya wiki. Alimwambia Fundi kwa simu, "Njoo ukae siku chache, uione kazi na uuone mji. Ukiona panakufaa, tuzungumze. Ukiona hapafai, hatujagombana." Ndiyo maana walikuwa pale, wamepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya wageni, wakitafuta kujua kama mji huu unawafaa watu wanaojificha.

Mchana huo, mara tu mlango wa nyumba ya wageni ulipofungwa, Bibi alikaa kitandani.

"Umemzika mwanangu nikiwa nimesimama hapo hapo."

"Ningesema nini, Mama?"

"Ungesema kweli."

"Kweli ina maswali mengi."

"Na uongo je? Kesho watakuuliza kaburi liko wapi. Keshokutwa watataka kujua alivikwa nini." Alivua kiatu kimoja polepole. "Mimi sikukatazi kumchukia. Una haki. Lakini usinipe msiba ambao Mungu hajanipa."

Fundi alipiga magoti akamsaidia kuvua kiatu cha pili. "Nisamehe, Mama. Limeshatoka, siwezi kulirudisha."

"Unaweza," Bibi alisema. "Hutaki tu."

Asubuhi iliyofuata mji mzima ulikuwa umeshampa pole. Muuza duka wa mkabala na ile nyumba, mwanamume mrefu mwenye mazoea ya kuegemea kaunta kwa viwiko vyote viwili, alimkatalia kulipia biskuti za Kidoti. "Wewe ndiye mjane wa miwani," alisema. "Nimesikia. Jana mlishuka kwenye basi, mkakaa kidogo kwenye benchi pale, mtoto akaomba maji. Halafu mkaja kuangalia nyumba. Umeipenda?"

Fundi alitazama nyuma yake, barabarani. Mtu huyu hakuwa na ubaya wowote, uso wake ulionyesha hivyo. Na alikuwa amemsimulia safari yake yote bila kuulizwa. Angemsimulia na mtu mwingine yeyote ambaye angefika pale na kuinamisha kichwa.

Lakini kazi ilimpokea. Daktari, mzee mwembamba aliyekuwa akizungumza kama anayeogopa kuamsha mtoto, aliivua mashine ile shuka kama mtu anayemtoa bibi harusi ndani. Fundi aliisafisha, akabadilisha maji ya kupoozea, akajaribu jiwe la kusagia kwa kipande cha lenzi kilichoharibika. Lilikuwa bado lina makali. Kufikia mchana alikuwa ameshachonga lenzi za mshonaji mmoja aliyekuwa haoni tena tundu la sindano. Alizipachika kwenye fremu, akaipasha moto mikono ya miwani, akaikunja nyuma ya masikio ya yule mama mpaka ikakaa. Mshonaji alitazama viganja vyake kwa muda.

"Kumbe nimezeeka hivi," alisema, na wagonjwa wote kwenye benchi wakacheka.

Kisha akamgeukia Fundi. "Mumeo aliugua nini, mwanangu?"

"Kifua."

Bibi, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi na Kidoti mapajani, alitazama dirishani.

Siku zilivyokwenda Fundi aliona mambo mawili yakikua pamoja, na hakuweza kulipata moja bila jingine. Kidoti alianza kucheza barabarani, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa muda mrefu. Alijikwaa mbele ya duka, na kabla hajaanza kulia watu walishamwinua, wamempangusa, wamemtumia mama yake salamu kliniki kuwa mtoto yuko salama. Hilo lilikuwa moja. La pili ni kwamba kila aliyeleta salamu alijua alikolala, saa anayotoka, mlango anaotumia. Usiku alilala akiwa ameegemeza kiti mlangoni, na mchana alijikuta akiwahesabu wanaume wanaoshuka kwenye basi.

"Mji mkubwa ulituficha," alimwambia Bibi, "lakini tulipolia haukuja. Huu unaweza kuja. Ila hauwezi kumficha mtu hata kidogo."

"Basi chagua," Bibi alisema. "Mimi nitakaa popote mtakapokaa."

Hakupata nafasi ya kuchagua kwa utulivu. Bibi alikwenda stendi kuulizia nauli ya mizigo, iwapo wataamua kuleta vitu vyao. Akiwa pale, simu ikaita. Alikuwa mwanawe. Bibi alipokea kama alivyozoea, akasema yuko mzima, anakula, analala. Wakati huo huo mpiga debe, hatua chache nyuma yake, akavuta pumzi akatangaza safari nzima, jina la mji huu kwanza kisha la mji liendako basi, kwa sauti ya kuamsha wafu, akaongeza na ahadi kuwa basi linaondoka sasa hivi na viti vya dirishani bado vipo.

Tangazo lote liliingia kwenye simu.

"Mama," mwanawe alisema taratibu, "umefuata nini huko?"

Bibi alikata simu. Alirudi nyumba ya wageni kwa haraka, akamkuta Fundi anamsuka Kidoti, akasema bila kuzunguka, "Amesikia tulipo. Sikumwambia. Amesikia mwenyewe."

Fundi hakumaliza ule msuko. Alianza kutupa nguo kwenye begi, akaenda stendi mwenyewe, akarudi. Basi la jioni lilikuwa limeondoka. La kesho la kutoka ni la mchana. La kuingia hufika asubuhi.

"Maana yake akija, atafika kabla hatujaondoka," alisema. "Na tukikaa stendi, tutakuwa tumempokea."

Walikubaliana kushinda kliniki mpaka saa ya basi, kwa sababu kliniki ilikuwa na mlango wa chuma na watu. Usiku ule Fundi, ingawa aliona aibu kwa kulifikiria, alilifikiria: huyu ni mama yake. Ikiwa alimwambia tulipo, atanieleza? Alimtazama Bibi akijilaza upande wa ukutani, mkono mmoja juu ya tumbo la mjukuu wake, kisha akaegemeza kiti mlangoni.

Asubuhi kliniki ilikuwa imejaa. Fundi alimweleza daktari kuwa anaondoka, hakusema kwa nini, na daktari hakuuliza. "Kuna jozi moja nimeianza," Fundi alisema. "Nitaimaliza." Kidoti alikaa chini ya meza ya mashine na karatasi na kalamu. Jiwe lilikuwa likizunguka, maji yakitiririka juu ya ukingo wa lenzi, mwenye nyumba alipoingia. Hakubisha hodi. Alikuja mpaka mbele ya meza akasimama, kifua kikipanda na kushuka.

"Mumeo aliyefariki," alisema, "yuko dukani anakunywa soda."

Lenzi ilimponyoka Fundi ikaingia ndani ya maji. Alizima mashine. Sasa kila mtu kwenye benchi aliweza kusikia.

"Nilikupa pole," mwenye nyumba aliendelea. "Niliwaambia majirani zangu tusikuchoshe, una msiba. Mama huyu nilimpa pole kwa mwanawe. Na mwanawe amesimama pale na uhai wake anaonyesha picha ya mtoto kwenye simu, machozi yanamtoka, anauliza, mmemwona mwanangu. Sasa niwajibu nini majirani? Nimeonekana nani?"

"Umemwambia niko hapa?"

"Sikumwambia. Ila si mimi peke yangu niliyekuwepo."

Fundi alikwenda mlangoni kuufunga ule mlango wa chuma, lakini alikuwa amechelewa. Walikuwa wanakuja barabarani, kundi dogo, muuza duka mbele akionyesha njia kwa mkono, na katikati yao mume wake. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa amekonda. Alipoingia aliinamisha kichwa akawasalimia wagonjwa wote, mmoja mmoja, wakubwa kwa heshima zao, na wao wakamwitikia.

"Jamani, samahanini kwa kuwaingilia," alisema. "Sikuja kwa shari. Nimetafuta familia yangu muda mrefu. Nataka tu nimwone mwanangu, nimsikie sauti."

"Maskini," mtu mmoja kwenye benchi alisema.

Akachutama, akachungulia chini ya meza. "Kidoti. Njoo kwa baba."

Mtoto hakusogea. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Fundi alijiweka kati ya meza na mwanamume, na akasikia sauti yake mwenyewe ikitetemeka kama ya mtu anayedanganya.

"Msimwamini. Alituvunjia mlango kwa nyundo. Ametufuata kila tulipokwenda. Nimemkimbia."

Watu walitazamana. Mshonaji, miwani yake mipya puani, ndiye aliyelisema, na hakulisema kwa ukali.

"Mwanangu, juzi ulituambia amekufa kwa kifua. Leo unatuambia alivunja mlango. Tushike lipi?"

"Ana hasira, si kosa lake," mume wake alisema kwa upole. "Tuligombana, kama watu wote wanavyogombana. Mimi nimeshasamehe. Hata hilo la kuniua nimelisamehe." Alitabasamu kidogo, na watu wawili watatu wakatabasamu naye. "Nipeni tu mtoto nimkumbatie, hapo nje. Yeye akae, apumzike."

"Mpe mtoto baba yake," alisema muuza duka. "Dakika moja tu, dada. Tupo hapa."

Mwanamume akanyoosha mkono chini ya meza. Fundi alijua kwamba angemng'ata kama ingebidi, na alijua pia kwamba watu hawa wangemwona yeye ndiye mwenye wazimu. Akageuka kumtazama Bibi.

Bibi alikuwa ameshasimama.

"Mimi ndiye niliyemzaa," alisema.

Hakupaza sauti. Alikuwa na macho ya mtu anayesoma maandishi madogo. "Huyu ni mwanangu. Sina mwingine. Mnaniona na uzee wangu huu, nimeiacha nyumba yangu, nalala vitanda vya wageni. Mnadhani nimekimbia nini?"

"Mama," mwanawe alisema. "Kaa chini. Unaumwa."

"Mlango aliuvunja. Nilifika nikakuta vipande. Mtoto huyu nilimtoa kabatini, amejikojolea, ameuma mkono wake asitoe sauti. Alama ya meno ilikuwa bado ipo. Mkwe wangu alisema uongo, ni kweli, na mimi nilikuwa nimesimama nikamwachia. Nilimwachia kwa sababu kusema amekufa kuliniuma, lakini kusema yu hai na ni hivi alivyo kulikuwa kunaniuma zaidi."

"Mama, nyamaza."

"Sinyamazi. Nilinyamaza ulipokuwa na mke, nikisema yatapita."

Mwanawe akamshika. Ilikuwa haraka kiasi kwamba hakuna aliyeuona mkono ukienda; waliuona tu ukiwa umeshafika, umembana mama yake juu ya kiwiko, na mkoba ukidondoka. Uso wake ulikuwa bado na lile tabasamu, umesahau kuliondoa. Akasema kwa sauti ya chini, lakini chumba kilikuwa kidogo na kila mtu aliisikia:

"Kizee wewe, umeniuza. Tutaonana tukifika nyumbani."

Bibi hakujitoa. Alimtazama tu, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Mwenye nyumba ndiye aliyesogea wa kwanza. Alikuwa bado amekasirika, ilionekana, na hasira hiyo ilikuwa juu ya Fundi, lakini aliibeba yote akaipeleka upande mwingine. Akaja akasimama mbele ya mwanamume yule na mwili wake wote.

"Mwachie mama yako mkono."

"Haya ni ya familia."

"Mwachie."

Benchi zima likasimama. Mshonaji, kijana aliyekuja kupimwa macho kwa ajili ya leseni, mwalimu mstaafu na fimbo yake, daktari akitoka chumba cha ndani na simu sikioni, tayari anazungumza na kituo cha polisi. Hakuna aliyempiga. Walimzunguka tu, karibu sana, mpaka pakawa hakuna nafasi ya kukunja mkono. Muuza duka ndiye aliyesimama mlangoni. Alikuwa amemleta, na sasa uso wake ulikuwa wa majivu.

Mwanamume akauachia mkono wa mama yake. Alijaribu tena ile sauti ya kwanza. "Jamani, mmenielewa vibaya." Hakuna aliyeitikia.

Askari waliokuja kwa pikipiki walimchukua, na wote wakaenda kituoni kuandikisha maelezo. Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa kusema wazi. Alimweleza Fundi kwamba jambo la mlango lilitokea kwingine na kesi yake itafunguliwa huko. Yeye anaweza kuandika yaliyotokea kliniki, anaweza kumpa onyo, na anaweza kuhakikisha amepanda basi la mchana. "Zaidi ya hapo nitakudanganya," alisema, "na naona kwenye jambo hili uongo umeshatosha."

Basi la mchana lilikuwa lile lile ambalo Fundi alikuwa amepanga kupanda.

Walikuwa wamesimama nje ya kituo Bibi alipomwambia. "Nitakwenda naye mimi."

"Mama, hapana. Umesikia alivyosema."

"Nimesikia. Hatanigusa. Anatisha watu anaodhani watamwacha." Alikuwa akiusugua mkono wake pale alipobanwa. "Nikibaki huku, atakuwa na sababu mbili za kurudi. Nikiwa naye, nitajua anapotoka, nitajua anaporudi. Nitapiga simu."

"Tulisema tutakaa pamoja. Ulisema popote tutakapokaa."

"Nilisema. Sasa nasema hivi." Akamvuta Kidoti, akaushika uso wake kwa viganja viwili, akautazama muda mrefu. Kisha akamwambia Fundi, bila kuinua macho, "Jana usiku uliniwaza vibaya. Nilikuona."

Fundi alifungua kinywa kukataa, akakifunga. "Nilikuwaza."

"Ningekuwa wewe ningewaza hivyo hivyo," Bibi alisema, akaenda stendi, akakaa kwenye basi kiti cha karibu na askari aliyemsindikiza mwanawe.

Basi lilipoondoka, Fundi alibaki na mtoto na begi lililofungwa. Basi jingine lilikuwepo kesho yake. Angeweza kwenda mji wa tatu, wa nne, mahali ambapo hakuna aliyemsikia akisema uongo. Alirudi barabarani akiwa hajaamua, na watu walimtazama akipita, wengine wakimsalimia, wengine wakijifanya wana shughuli. Mwenye nyumba alikuwa barazani kwake.

"Nyumba yangu sikupi," alisema kabla Fundi hajafika. "Si kwa sababu ya yule. Yule akija nitamfukuza mwenyewe. Ni kwa sababu yako. Ulinitazama usoni ukanidanganya."

"Nimekuelewa, dada."

"Mimi na wewe itachukua muda."

"Nimekuelewa."

Muuza duka alikuwa nyuma ya kaunta, na mara hii hakuegemea. Fundi alisimama mbele yake.

"Nataka kukuuliza kitu, unijibu bila kunionea huruma. Akirudi, utamwelekeza nilipo?"

Muuza duka alifikiri, jambo ambalo Fundi alilishukuru. "Leo asubuhi nilimwelekeza, na nilidhani natenda wema," alisema. "Nimejifunza uso wake. Na hapa kila mtu ameshajifunza. Akirudi ataona sote tumekuwa viziwi. Lakini akimtuma mwingine, mtu tusiyemjua? Sijui, dada. Tutamuuliza maswali, hilo naweza kukuahidi. Tutamuuliza mpaka achoke."

Fundi alikwenda kliniki. Kulikuwa na ile lenzi ndani ya maji. Aliitoa, akaikausha kwa kitambaa, akaichunguza kwenye mwanga. Ilikuwa imepata mkwaruzo ukingoni, mahali ambapo fremu ingeufunika. Aliitazama, kisha akaitupa, akachukua lenzi mpya akaanza upya. Daktari alimkuta hapo jioni.

"Basi lako si limeondoka?" aliuliza.

"Limeondoka."

"Jumatatu tunafungua mapema. Wagonjwa wa Jumatatu ni wengi."

"Nitakuwepo," Fundi alisema. Baadaye hakuweza kukumbuka kama alikuwa ameshaamua kabla ya kulisema, au alilisikia kama daktari alivyolisikia.

Alipata vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala, mahali pa vumbi na kelele za msumeno kutwa nzima. Alimweleza seremala habari yote kuanzia mwanzo kabla hata ya kuingia kuangalia makomeo, na seremala, ambaye alikuwa hajauliza chochote, alimsikiliza, kisha akampigilia komeo la pili mlangoni. Kuna watu ambao hawakumwamini tena kabisa. Mwenye nyumba aliendelea kumwitikia salamu kwa neno moja. Mshonaji aliyachukua magauni ya Kidoti akayapanua.

Mwanamume hakurudi mwaka huo. Bibi hupiga simu Jumapili, mchana, na sauti yake hutokea mbali kama ya mtu aliyejitenga chumbani. Huongea na mjukuu wake kwanza, juu ya shule, juu ya meno yaliyong'oka. Kisha simu hupewa Fundi.

"Uko salama, Mama?" Fundi huuliza.

Na Bibi, kila mara, badala ya kujibu, huuliza kama huko mvua imeanza.